Kilimia na Vumbi Lake: Je, Ukaribu ni Ushahidi?



Liko swali moja ambalo kila mtu hulijibu kila siku, na walio wengi hulijibu bila ya kujua kwamba wameulizwa. Swali lenyewe ni hili: Tuvionapo vitu viwili vikiwa pamoja, je, yatosha kusema kwamba kimoja kimetokana na kingine? Na tumwonapo mtu karibu na jambo, je, yatosha kusema kwamba yeye ndiye mwenye jambo hilo?

Swali hili laweza kuonekana dogo. Lakini kwa sababu ya kulijibu vibaya nyumba zimechomwa moto, ndugu wamehasimiana, na watu wasio na hatia wamelala makaburini. Basi nakuomba tulitazame kwa makini. Tuanze mbali sana, mbinguni, mahali ambapo hatuna shamba la kugombania wala ng'ombe wa kudaiana, ili akili zetu zitulie. Kisha turudi hapa kwetu duniani na kujipima.

Nyota za mkulima

Ukisimama usiku wa mwezi wa Januari, yapata saa mbili, juu ya miinuko ya Tarime, au ng'ambo ya pili ya Mto Mara, nje kidogo ya mji wa Mugumu katika Wilaya ya Serengeti, nawe ukaelekea kaskazini na kuinua macho, utaona kishada kidogo cha nyota zilizosongamana. Mwenye macho ya kawaida huhesabu sita; mwenye macho makali huhesabu saba na pengine zaidi. Kishada hicho ndicho Kilimia. Mwezi wa Mei hupotea katika mwangaza wa jua; mwezi wa Juni huzuka tena upande wa mashariki kabla ya mapambazuko; na ifikapo Novemba huchomoza jua linapokuchwa.

Jina lake latokana na kulima. Kabla ya kalenda za karatasi kufika, mkulima alizitazama nyota hizo apate kujua majira. Wahenga wa pwani walisema kwamba Kilimia kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Wazulu na Waxhosa wa kusini mwa Afrika, walio mbali nasi kwa maelfu ya kilomita, huziita nyota hizo hizo isiLimela, na neno hilo nalo ni la kulima. Waarabu huziita Thuraya.

Je, nyota hizi ni jamaa kweli, au ni macho yetu tu yanayoziona pamoja? Huenda moja iko karibu nasi na nyingine iko mbali nyuma yake, zikaonekana kama zimeshikana mikono. Galileo, mwaka 1610, alizielekezea darubini yake akachora nyota 36 pale ambapo macho matupu huona sita. Lakini wingi si ushahidi wa ujamaa. Mwaka 1767 kasisi mmoja wa Uingereza, John Michell, alilitazama jambo hili kwa hesabu. Alijiuliza: kama nyota zingekuwa zimetawanywa ovyo mbinguni, yangekuwapo matumaini gani ya kuzikuta nyota angavu kama hizi zimesongamana mahali padogo namna hii? Akapata kwamba ni kama bahati moja katika laki tano. Basi akakata shauri kwamba nyota hizo zimefungamana kweli. Wataalamu waliomfuata walipima mwendo wake, wakaona kwamba zinasafiri pamoja kuelekea upande mmoja, kama kundi lililotoka zizi moja.

Leo twajua kwamba Kilimia ni kundi la nyota zaidi ya elfu moja. Nuru, iendayo kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde moja, huchukua miaka ipatayo 440 kutoka huko kufika kwetu. Nyota zake zilizaliwa katika wingu moja la gesi na vumbi, na umri wake ni miaka milioni mia moja na ushei. Kwa hesabu ya binadamu huo ni umri usiohesabika. Lakini kwa nyota huo ni ujana. Jua letu lina umri wa miaka milioni 4,600.

Mpaka hapa, ndugu msomaji, yaonekana kwamba ukaribu umetuongoza vyema. Lakini angalia sana: ukaribu haukutoa hukumu. Ulitufanya tuulize tu. Hukumu ililetwa na hesabu na kipimo cha mwendo.

Wingu lililowapoteza wengi

Mwaka 1859 Wilhelm Tempel, Mjerumani aliyekuwa akiishi Venice, aliona kwa darubini yake ndogo kitu kama ukungu hafifu karibu na mojawapo ya nyota za Kilimia. Baadaye picha zilionyesha kwamba ukungu huo umezizunguka nyota nyingi za kishada hicho, nao una nyuzi nyuzi nyembamba kama pamba iliyochambuliwa.

Ukungu huo ni kitu gani? Mwaka 1912 Vesto Slipher, katika kituo cha kutazamia nyota cha Lowell huko Arizona, Marekani, aliipitisha nuru yake katika chombo kinachoigawa nuru katika rangi zake. Akakuta kwamba nuru ya ukungu ni sawasawa na nuru ya nyota iliyo kando yake. Maana yake ni kwamba ukungu hauna nuru yake wenyewe. Ni vumbi, nalo linairudisha nuru ya nyota. Wewe uliyewahi kusafiri usiku katika barabara ya udongo wakati wa kiangazi walijua jambo hili: gari likija mbele yako, vumbi hung'aa mbele ya taa zake kama moshi wa fedha; taa zikizimwa, vumbi halionekani tena.

Basi hapo ndipo watu wengi walipofikiri kwamba kisa kimekwisha. Walisema: nyota hizi ni changa, nyota huzaliwa katika gesi na vumbi, na hapa tunaona nyota changa zimezungukwa na vumbi. Bila shaka vumbi hili ni masalio ya wingu lililozizaa. Mama na watoto wangali pamoja! Maneno haya yaliaminiwa na kufundishwa kwa miaka mingi, na yeyote aliyeyasikia aliyaona kuwa ya akili.

Lakini hayakuwa kweli.

Kwanza, umri ulikataa. Nyota kubwa zinapozaliwa hutoa mwanga mkali na upepo wenye nguvu, nao huisukuma gesi na vumbi la kuzaliwa kwake mpaka likatawanyika. Kazi hiyo humalizika kwa miaka milioni chache tu. Kilimia kina miaka zaidi ya milioni mia moja. Vumbi la uzazi wake lilikwisha ondoka zamani sana. Pili, mwendo ulikataa. Wataalamu walipopima mwendo wa vumbi na mwendo wa nyota, wakaona kwamba havilingani. Nyota zinakwenda njia yake, na vumbi linakwenda njia yake. Zimekutana njiani tu. Kilimia kinapita katika wingu la watu wengine, kama msafiri apitavyo katika vumbi lililotifuliwa na ng'ombe asiowajua, na baada ya muda atatokea upande wa pili.

Tazama jinsi kosa lilivyoingia! Kila neno katika hoja ile lilikuwa kweli peke yake. Ni kweli kwamba Kilimia ni changa. Ni kweli kwamba nyota huzaliwa katika vumbi. Ni kweli kwamba vumbi lipo pale. Lakini jumla yake ilikuwa si kweli, kwa sababu palikosekana neno moja: hakuna aliyekuwa ameuliza kama viwili hivyo vilitoka mahali pamoja.

Sura moja, habari mbili

Huenda msomaji akasema: "Basi yafaa tusiamini kamwe kwamba vumbi lililo karibu na nyota ni la uzazi wake." La, hasha! Hilo nalo lingekuwa kosa.

Usiku ule ule wa Januari, geuza uso wako upande wa mashariki. Utaziona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, ambazo ni mshipi wa Jabari. Karibu na mshipi huo iko safu nyingine fupi ya nyota, kama upanga uliotundikwa, na katikati ya upanga huo utaona kitu kisicho nyota safi, kama nuru iliyofifia. Hilo ni wingu kubwa la gesi na vumbi, na nuru yake huchukua miaka ipatayo 1,300 kutufikia. Ndani yake nyota zinazaliwa hivi sasa. Nyingi kati ya hizo hazijatimiza hata miaka milioni mbili au tatu. Katika miaka ya 1990 darubini ya angani ya Hubble ilionyesha kwamba baadhi ya nyota hizo changa zimezungukwa na visahani vya vumbi, ambamo sayari huweza kuumbika. Pale, vumbi ni la uzazi kweli kweli.

Basi mbele yako, katika mbingu moja na usiku mmoja, una makundi mawili ya nyota changa. Yote mawili yamezungukwa na vumbi ling'aalo. Kwa macho yanafanana. Lakini habari ya moja ni mzazi na watoto wake, na habari ya pili ni wapita njia waliokutana. Hakuna jicho liwezalo kuzitenganisha habari hizo kwa kutazama tu. Uchunguzi peke yake ndio uwezao.

Na uko mfano mwingine papo hapo karibu na Kilimia. Katika buruji ile ile ya Ng'ombe liko kundi jingine la nyota lililojipanga kama herufi V, na katika ncha yake moja pana nyota kubwa yenye wekundu, iitwayo Dabarani. Waarabu waliiita hivyo, maana yake Mfuasi, kwa kuwa huifuata Thuraya. Kila aitazamaye husema kwamba Dabarani ndiye mkubwa wa kundi hilo. Kumbe yeye si wao kabisa. Dabarani yuko umbali wa miaka ipatayo 65 ya mwendo wa nuru, na kundi lile liko umbali wa miaka ipatayo 150, nyuma yake mbali. Amesimama katika njia ya macho yetu, basi. Kuonekana kwake katikati yao ni jambo la mahali tulipo sisi watazamaji, wala si jambo lake yeye.

Ndugu waliopotea

Sasa sikiliza upande wa pili, maana kosa hili lina pande mbili. Ikiwa wako walio karibu nao si jamaa, basi wako walio mbali nao ni jamaa.

Nyota zilizozaliwa pamoja hazikai pamoja milele. Kidogo kidogo huachana, hata kila moja ikaenda peke yake, na atazamaye hawezi kudhani kwamba ziliwahi kuwa nyumba moja. Mwaka 2025 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamewapata ndugu wa Kilimia waliotawanyika. Walitumia vipimo vya vyombo viwili vya angani: Gaia cha Ulaya, kilichorushwa mwaka 2013, na TESS cha Marekani, kilichorushwa mwaka 2018. Walipata nyota zaidi ya 3,000 zilizoenea katika nafasi ambayo nuru ingeivuka kwa miaka kama 2,000, nazo zote asili yake ni moja na Kilimia.

Waliwajuaje? Hawakuwajua kwa ukaribu, maana wametengana mno. Waliwajua kwa mwenendo. Nyota ikiwa changa huzunguka upesi kama pia. Ikizeeka, mzunguko wake hupungua. Basi walitazama ni nyota zipi zinazunguka kwa kadiri ilingananayo na umri wa Kilimia, na mwendo wake katika anga ukirudishwa nyuma unaelekea chimbuko lile lile. Mwenendo ulitoa ushahidi ambao mahali hapakuweza kuutoa.

Turudi nyumbani

Na sasa, msomaji mpenzi, turudi huku tunakokaa.

Tarime na Serengeti ni nchi ya watu wenye bidii, wanaopenda mifugo yao na ukoo wao. Lakini sote twajua kwamba kwa miaka mingi nchi hii imeumizwa na wizi wa ng'ombe na mapigano ya koo kwa koo. Wala si wageni waliokuwa wakipigana; ni Wakurya kwa Wakurya, wenye lugha moja na mila moja. Mpaka wa Kenya na Tanzania uliochorwa na wakoloni wa Kiingereza na Kijerumani uliwakata Wakurya sehemu mbili, hata leo utawakuta Wairege na Wanyabasi huku na huko. Wengine waliuvuka Mto Mara wakafanya makao Serengeti. Ni kama zile nyota zilizotawanyika: walio mbali ni ndugu, lakini wamesahau, na kwa kuwa wamesahau, hudhaniana vibaya.

Tuseme basi kwamba usiku mmoja ng'ombe watano wametoweka zizini. Yowe limepigwa, na watu wametoka na mienge na mapanga. Mtu mmoja anakumbuka: "Jioni niliona kijana akipita hapa, si wa kwetu, ni wa ukoo wa ng'ambo ile." Mwingine anasema: "Watu wa ukoo ule ni wezi tangu babu zao." Dakika chache tu, na hukumu imekwisha tolewa. Kijana anakutwa amelala kwa shangazi yake, aliyekuja kumwuguza. Anaulizwa, lakini hasikilizwi, maana wanaouliza wamekwisha jijibu. Asubuhi inapokucha, nyayo za ng'ombe zinaonekana zimeelekea upande mwingine kabisa. Je, ni nani atakayemrudishia yule kijana uhai wake? Na ni nani atakayemtazama shangazi yake machoni?

Angalia kwamba katika kisa hiki kila neno lilikuwa kweli peke yake, kama ilivyokuwa katika hoja ya Kilimia. Ni kweli ng'ombe waliibwa. Ni kweli kijana alipita. Ni kweli pengine mtu mmoja wa ukoo wake aliwahi kuiba. Lakini jumla yake ilikuwa uwongo uuao.

Hali ni hiyo hiyo kwa mambo mengine. Mtoto amefariki, na bibi kizee wa nyumba ya jirani aliwahi kumbeba siku mbili kabla. Basi yasemwa ni mchawi. Mtu aliokota kuni karibu na mpaka wa Hifadhi ya Serengeti; basi yasemwa ni jangili. Nawe msomaji, uliyeanza karibuni kuitafuta njia ya dini, huenda umeyaonja haya mwenyewe: ulionekana ukizungumza na watu fulani, au ukisoma gazeti fulani, na kabla hujafungua kinywa ikasemwa kwamba umeuuza ukoo wako. Umejua uchungu wake. Basi jihadhari usiwatendee wengine vivyo hivyo, hata hao waliokusema.

Kanzu ya Yusufu

Kurani Tukufu yatusimulia kisa cha Nabii Yusufu, amani iwe juu yake, nacho ni darasa kamili katika jambo hili. Yusufu alikutwa mlangoni pamoja na mke wa bwana wake. Ukaribu ulikuwapo, kelele ilikuwapo, na mshitaki alikuwapo, tena mtu mkubwa. Lakini shahidi mmoja wa jamaa ya mwanamke yule alisema maneno ya hekima: itazamwe kanzu. Ikiwa imechanwa kwa mbele, mwanamke amesema kweli. Ikiwa imechanwa kwa nyuma, Yusufu ndiye msema kweli. Kanzu ikatazamwa, nayo imechanwa kwa nyuma. Shahidi huyo hakutazama nani alikuwa karibu na nani. Alitafuta alama iwezayo kupambanua habari mbili zinazofanana kwa nje.

Na katika sura hiyo hiyo, kikombe cha mfalme kilipokutwa katika mzigo wa mdogo wake Yusufu, kaka zake walisema kwamba kama huyu ameiba, basi ndugu yake naye aliiba zamani. Yaani walimhukumu mtu kwa ndugu yake, na ndugu huyo kwa jambo asilolitenda! Naye Yusufu alikuwa amesimama mbele yao akiwasikia, na akaficha huzuni yake moyoni.

Kwa hiyo haishangazi kwamba Kitabu hicho, katika Sura Al-Hujurati, chatuagiza tuichunguze habari iletwayo na mtu mwovu kabla ya kutenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na kwamba chatukataza dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Na katika Sura Bani Israili twaambiwa tusiyafuate tusiyo na ujuzi nayo, kwa kuwa sikio na jicho na moyo, vyote vitaulizwa. Jicho litaulizwa! Si kwa lile lililoliona tu, bali na kwa lile lililojiongezea.

Majibu kwa wenye shaka

Yawezekana mtu akanipinga kwa hoja tatu, nazo zastahili kujibiwa.

Kwanza atasema: "Dalili ya mvua ni mawingu. Tukipuuza dalili, wezi watatumaliza." Nami nasema, usipuuze dalili. Michell hakuipuuza. Aliuona ukaribu wa nyota, akaufanya mwanzo wa hesabu. Mgeni aliyepita jioni yafaa aulizwe, naye yampasa ajibu. Lakini kuuliza ni jambo moja na kuhukumu ni jambo jingine. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua, na hakuna mkulima mwenye akili apandaye mbegu zake zote kwa sababu ya wingu moja.

Pili atasema: "Wenye kuchunguza nyota wana wakati. Sisi ng'ombe wanakimbizwa usiku huu." Ni kweli, wafuate ng'ombe usiku huu huu. Kuzifuata nyayo ni uchunguzi, nako ni kwema. Lakini fikiri: mwenye elimu ya nyota akikosea habari ya vumbi la Kilimia, nani anaumia? Hakuna. Kilimia chaendelea kung'aa. Hata hivyo watu walipima na kupima tena, wakayaacha waliyoyafundisha miaka mingi. Ikiwa wao wanajihadhari hivyo katika jambo lisilomdhuru yeyote, je, sisi yatupasa tujihadhari kiasi gani katika jambo ambalo kosa lake ni damu? Jambo ambalo haliwezi kurudishwa ndilo lisilotaka haraka. Wazee wa Kikurya walilijua hili walipokaa katika ritongo, baraza la jamii, mshitaki akasema na mshitakiwa naye akasema mbele ya watu wote. Penye baraza ambalo kila mmoja husikilizwa hadi mwisho, dhana hupoteza nguvu zake.

Tatu atasema: "Lakini huyu ni ndugu yao kweli; na samaki mmoja akioza, huoza wote." Hapa nakuomba uzitazame nyota kwa mara ya mwisho. Nyota za Kilimia ni ndugu hasa, wa wingu moja na umri mmoja. Je, zote zina mwisho mmoja? Hata kidogo. Zile kubwa zinazong'aa sana huteketeza hazina yake upesi na kufa mapema. Zile ndogo zisizoonekana kwa macho zitaishi mabilioni ya miaka baada yao. Kila moja huishi kwa uzito wake yenyewe. Basi ikiwa nyota zisizo na akili hazibebeshwi mwisho wa ndugu zake, itakuwaje mwanadamu, aliyepewa akili na hiari, abebeshwe dhambi ya binamu yake? Methali ile ya samaki ni ya samaki waliokufa katika kapu moja. Binadamu aliye hai si samaki wa kapu. Nayo Kurani Tukufu yasema waziwazi kwamba hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine.

Litupasalo

Ndugu msomaji, mafunzo ya habari hii ni machache nayo ni mepesi kukumbuka, ingawa si mepesi kuyatenda.

Uonapo mambo mawili pamoja, sema: "Nimeyaona pamoja," na ukomee hapo mpaka upate zaidi. Uulizwapo habari ya mtu, tenga ulichokiona na ulichokidhani, na umwambie mwulizaji kipi ni kipi. Usikiapo kwamba ukoo mzima ni wezi, au kijiji kizima ni wachawi, jua kwamba umesikia dhana, kwa maana hakuna aliyewachunguza wote. Na kama wewe mwenyewe uliwahi kumsema mtu kwa ukaribu tu, kisha ukajua kwamba ulikosea, nenda kwake umwambie. Hilo ni zito kuliko yote. Walioandika katika vitabu vyao kwamba vumbi la Kilimia ni masalio ya uzazi wake hawakuaibika kuandika tena kwamba sivyo, na heshima yao haikupungua. Heshima yako nayo haitapungua.

Usiku wa leo, kama mawingu hayajafunika, toka nje ukitafute Kilimia. Kama si majira yake jioni, kitafute alfajiri. Vumbi lake hutaliona kwa macho, lakini lipo, lang'aa kwa nuru isiyo yake. Ukikiona, umkumbuke mtu mmoja ambaye umemdhania jambo, nawe hujamwuliza.